Utepe wa Zambarau

9 Novemba

Mvua imeanza leo na kiwanda cha sukari bado hakijafunga, kwa hiyo mji mzima unanuka molasi iliyochachia juu ya tope. Mlangoni mwa wodi nimekanyaga chura aliyekufa. Mfagiaji alimpita mara mbili, nilimwona kwa macho yangu, akajifanya kutazama mawingu. Huo ndio mwanzo wa msimu.

La maana ni moja tu: mashine imefika. Imekuja kwa meli ya mizigo katika sanduku jeupe, zawadi ya wafadhili wa ng'ambo. Ni kamera ya kupiga picha nyuma ya jicho la mtoto njiti. Katika hospitali nzima ni mimi peke yangu, Sista Taraivini, niliyepelekwa Suva, mji mkuu, wiki tatu kujifunza kuitumia. Imewekwa stoo ya pili, na Matroni Kelera amenivisha ufunguo shingoni mbele ya wauguzi wote kama anayenivisha shada la maua. Nilifurahi, sitaficha.

12 Novemba

Barua mbili zimekuja kwa siku moja. Ya kwanza inasema kwamba kwa kuwa sasa tuna mashine, Daktari Nacanieli wa macho hatapanda tena ndege kila mwezi kutoka Suva kuja kwetu. Tutampelekea picha, naye atazisoma hukohuko. Ya pili inasema mashine isifunguliwe mpaka mgeni rasmi aje kukata utepe, tarehe 28.

Ranjini, yule muuguzi mdogo mwenye mdomo, akauliza mbele ya watu: kati ya leo na tarehe 28, macho ya watoto anayatazama nani? Nikamwambia wiki mbili si karne. Anatafuna bizari nyembamba akiwa kazini, mdomo haupumziki, ama unatafuna ama unauliza. Ananichosha.

Matroni amefunga utepe kwenye sanduku yeye mwenyewe. Wa zambarau, wenye fundo kama ua. Umependeza.

15 Novemba

Wodi ina njiti sita. Mdogo kuliko wote ni Jioji, aliyezaliwa tarehe 2 katika wiki ya ishirini na nane, kilo moja na gramu themanini. Mama yake ni Laisani wa Nasavuki, kijiji cha juu ya mto. Ana miaka ishirini na mbili, akicheka huziba mdomo kwa kiganja, na hukamua maziwa yake kwa subira ambayo mimi sina.

Aliniuliza kwa nini mtoto anayepumua kwa shida apimwe macho. Nikamweleza kama nilivyofundishwa. Mtoto akizaliwa kabla ya wakati, mishipa ya nyuma ya jicho inakuwa haijamaliza kukua. Oksijeni inayookoa mapafu yake inaweza kuivuruga ile mishipa, ikaota ovyo, ikavuta utando wa ndani ya jicho mpaka ukabanduka. Kwa nje huoni kitu. Lakini mtu akitazama ndani kuanzia wiki ya nne, na akaona mapema, kuna dawa na mtoto ataona. Akichelewa, basi tena.

Laisani akahesabu kwa vidole vyake. "Wiki ya nne ni tarehe 30," akasema. Nikamwambia mashine itakuwa imefunguliwa siku mbili kabla. Akaziba mdomo akacheka kwa furaha.

20 Novemba

Panya wameingia stoo ya pili. Wametafuna povu la sanduku upande mmoja na kuacha mavi yao juu ya karatasi ya maelekezo. Utepe hawakuugusa.

26 Novemba

Mgeni rasmi ana safari. Ufunguzi umesogezwa hadi 18 Desemba. Kwenye kikao cha wafanyakazi tumekaa saa mbili, na katika hizo saa mbili tumezungumza habari ya keki, habari ya nani atakamua yaqona, kile kinywaji cha mizizi cha sherehe, habari ya viti, na kama kwaya iimbe nyimbo mbili au tatu. Mganga Mkuu alikuwa akisafisha kucha kwa kifuniko cha kalamu na kufutia suruali. Nilishindwa kumaliza chai yangu.

Nimepewa kazi ya kuchagua kitambaa cha sare. Nimechagua zambarau yenye maua meupe, ifanane na utepe. Wote wamekubali kwamba nina jicho zuri.

30 Novemba

Jioji ametimiza wiki nne. Ana kilo moja na robo, amenenepa mashavu kidogo. Laisani alinitazama asubuhi nzima. Nikamweleza kwamba shughuli imesogezwa. Akasema, "Sawa, Sista," na akarudi kukamua.

Ranjini hakusema sawa. Alinifuata mpaka chumba cha dawa akafunga mlango kwa mgongo.

"Sista, ufunguo unao shingoni. Ujuzi unao mikononi. Tufungue, tupige picha, tufunge tena. Nani atajua?"

"Utepe utajua," nikamjibu.

"Utafungwa upya. Mimi nilikuwa nafunga nywele za dada zangu watano, siwezi kushindwa na utepe."

Nikamwambia yeye ni mgeni kwenye kazi hii, na hajui kwamba zawadi haiguswi kabla mwenye kuitoa hajaikabidhi. Hata kwao hawawezi kula chakula cha sherehe kabla wageni hawajafika. Nikamwambia mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo, Sista," akasema. "Hapa inaumiza macho."

Nimemripoti kwa Matroni kwa utovu wa adabu. Mtoto wa juzi, ananifundisha kazi mimi mwenye miaka ishirini na tatu wodini.

6 Desemba

Kwaya imefanya mazoezi chini ya dirisha la wodi tangu adhuhuri. Sauti ya pili inaimba kwa pua. Madereva wamekunywa yaqona mpaka macho yamekuwa mekundu, na mmoja ametapika kwenye maua ya Matroni.

13 Desemba

Mvua. Nimepeleka kitambaa kwa fundi. Hakuna jipya.

17 Desemba

Mgeni rasmi ameomba radhi tena. Sasa ni 22 Januari. Keki ilikuwa imeshaokwa, tumeila sisi wenyewe. Ilikuwa imekauka. Ranjini hakula. Alisema anafunga, lakini nilimwona baadaye jioni anakula roti ya viazi nyuma ya chumba cha kufulia huku akinitazama.

21 Desemba

Jioji amefika kilo moja na gramu mia saba, ananyonya mwenyewe, ameruhusiwa. Mama mkwe wa Laisani, bibi anayeitwa Vasiti, ameteremka mto na mkeka mpya pamoja na blanketi la kumfunika mtoto gubigubi. Amesema waziwazi kwamba mjukuu wake hatoki tena nje hadi usiku wa mia moja utimie na karamu yake iliwe. Ndivyo sisi tulivyolelewa wote, mtoto na mama yake hukaa ndani, mapazia yakiwa yameshushwa.

Nilipaswa kukataa. Daftari la maelekezo linasema njiti asiyepimwa macho arudishwe kila wiki. Lakini arudishwe apimwe kwa kitu gani? Nikahesabu: usiku wa mia unaangukia tarehe 10 Februari. Nikamwambia Bibi Vasiti kwamba ni sawa, mila ifuatwe, waje baada ya karamu, mashine itakuwa imefunguliwa zamani. Bibi akanishika mikono yote miwili akasema mimi ni muuguzi mwenye heshima, si kama hawa wa siku hizi.

Laisani akauliza, "Sista, hatujachelewa?"

Nikamwambia hapana.

25 Desemba

Magimbi, samaki katika tui, shemeji watatu wasioosha hata sahani moja. Nimelala saa kumi na moja jioni ili nisiwaone.

12 Januari

Roshni, mke wa mkata miwa wa barabara ya mashariki, amejifungua mtoto wa kike wiki ya ishirini na tisa. Kilo moja na gramu mia moja na hamsini. Yuko kwenye oksijeni. Mtungi hauna kifaa cha kupunguza nguvu, unatoa kama unavyotoa. Ranjini amebandika karatasi ukutani: 9 FEBRUARI – MACHO. Nimeiacha.

19 Januari

Mto umepanda. Barabara ya uwanja wa ndege imekatika sehemu mbili. Ng'ombe aliyevimba amekwama chini ya daraja, watu wanakwenda kumpiga picha kwa simu. Ufunguzi umesogezwa hadi 1 Machi. Hii ni mara ya tatu. Fundi ameniletea gauni, limenikaa vizuri, nimelitundika kabatini.

2 Februari

Ukungu umeota kwenye viatu, kwenye kuta, kwenye Biblia yangu. Kila kitu nikikishika kinaacha unga wa kijani mkononi.

9 Februari

Karatasi ya Ranjini bado iko ukutani. Leo ndiyo tarehe yake. Hakusema neno, alipita tu pale akanyoosha kona yake iliyokunjika kwa unyevu. Afadhali angesema.

14 Februari

Laisani amekuja. Karamu ya usiku wa mia iliisha Jumapili, wakangoja mto ushuke, wakaja kwa boti na kisha kwa miguu. Jioji amekuwa mnene, ana mikunjo mapajani. Bibi Vasiti alikuwa anatabasamu tangu mlangoni. Amenibebea kapu la mihogo.

Laisani hakutabasamu. Akasema ndani ya nyumba kulikuwa na giza siku zote, kwa hiyo hawakujua. Karamu ilipokwisha wakampeleka nje kwenye jua kwa mara ya kwanza, na watoto wengine wote walikuwa wanakunja uso na kufumba macho kwa sababu ya mwanga. Jioji hakufumba.

Nikachukua tochi. Nilitaka iwe mbovu, kusema kweli. Nikamulika jicho la kulia, na mboni ikarudisha weupe kama tone la maziwa. Nikamulika la kushoto. Na lenyewe.

Nilimulika tena, na tena, nikijifanya natafuta. Ranjini alikuwa amesimama nyuma yangu na harufu yake ya bizari nyembamba, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatafuna.

"Ni nini hicho cheupe?" Laisani akauliza.

Nimempigia Daktari Nacanieli Suva kutoka ofisi ya Matroni. Nilimweleza. Kisha akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, akahesabu, akasema utando umeshabanduka pande zote mbili, hata akimpasua leo hatampa kuona. Akasema mtoto kama huyu, ukimtazama katikati ya Desemba, ungekuta mishipa imeanza kuota na bado inatibika. Akauliza, "Kwani mashine yenu ina hitilafu gani?" Nikasema haina hitilafu. Akauliza basi ina nini. Nikasema ina utepe.

Hakucheka. Mimi ningecheka, kama ningekuwa yeye, ili nisitukane.

Nimerudi wodini nikawaambia. Bibi Vasiti alianza kulia kwa sauti, akisema ni yeye, ni yeye aliyemfungia mtoto gizani. Na mimi nilimwacha aamini hivyo. Nimemwacha bibi wa watu alie mbele yangu kwa kosa langu, mikono yangu ikiwa imeshika kapu lake la mihogo. Mihogo ile iko jikoni sasa hivi. Siwezi kuipika wala kuitupa.

Nimefungua shajara hii kuona katikati ya Desemba nilikuwa nafanya nini. Nimeona.

15 Februari

Niliingia zamu saa moja asubuhi, nikampita mlinzi, nikampita Matroni bila salamu, nikaenda stoo ya pili. Ranjini alikuja nyuma yangu. Nikatoa mfukoni mkasi wa kukatia kitovu na nikakata utepe. Haukutoa sauti yoyote. Miezi mitatu na siku tatu tumeuogopa, na ulikuwa utepe wa dukani wa kufungia zawadi.

Sanduku lilikuwa limejaa uvundo wa mkojo wa panya. Mashine yenyewe haikuwa na kasoro. Tukaichomeka, ikawaka mara ya kwanza. Ndicho kilichoniumiza zaidi, kwamba iliwaka. Kama ingekuwa mbovu ningekuwa na pa kujishikia.

Njiti watano wako wodini. Ranjini alishika vichwa, mimi nikaweka matone, nikafungua kope, nikapiga. Kila mtoto alituchukua dakika kumi na moja. Nimeiandika ili nisiisahau: dakika kumi na moja.

Wanne wako salama. Wa tano ni mtoto wa Roshni. Hata kabla ya kuzituma picha niliiona ile mishipa, imevimba na kujipinda kama minyoo, karibu kabisa na katikati ya jicho. Daktari Nacanieli alipiga simu baada ya nusu saa. "Awe mezani kwangu ndani ya saa sabini na mbili," akasema. "Zikipita hizo, usinisumbue."

Matroni alikuja akatukuta. Alitazama mashine, akamtazama mtoto, akatazama utepe sakafuni. Akainama akauokota, akaukunja vizuri, akautia mfukoni, na akaenda kutafuta ndege. Miaka yote hii nilidhani namjua.

16 Februari

Ndege haikuruka. Mawingu yako chini mpaka kwenye miwa. Mganga Mkuu amesema tungoje, mtoto anaonekana mzima. Nimemwambia kwamba hata Jioji alionekana mzima. Nilimwambia kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia kwa mkubwa wangu, na kalamu ikamdondoka.

17 Februari

Haikuruka. Roshni anakaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege na mtoto kifuani tangu alfajiri, Ranjini na mtungi pembeni yake. Mume wake amesimama nje kwenye mvua akitazama juu, kama anaweza kuyasukuma mawingu.

18 Februari

Imeruka alfajiri. Saa tatu asubuhi Ranjini amepiga simu kutoka Suva: mtoto ametibiwa macho yote mawili, ilikuwa imebaki kama saa moja tu. Daktari anasema ataona.

Nilifurahi kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja. Kisha nikafikiri: huyu pia ilikuwa bahati. Kama Laisani asingekuja tarehe 14, mimi ningekuwa nimelitundika gauni langu nikingoja tarehe 1.

21 Februari

Nimeitwa ofisini. Mganga Mkuu hakuuliza habari ya mtoto yeyote. Aliuliza utepe ulikatwa kwa idhini ya nani, kwa sababu wafadhili wameshatangaziwa kwamba mashine haijaguswa, na mgeni rasmi atajisikiaje akikata utepe wa kitu ambacho kimeshatumika.

Matroni akasema, "Kwa idhini yangu. Nilimwagiza asubuhi ile." Alidanganya bila kupepesa. Nilitaka kumkumbatia. Baada ya dakika moja hivi, Mganga Mkuu akauliza kama utepe unaweza kufungwa tena, na Matroni huyohuyo akasema unaweza, anao mfukoni, ataunga pale ulipokatwa na kulificha fundo. Nikatamani kumsukuma.

Wamekubaliana pia kwamba hospitali ipeleke tabua, jino la nyangumi, Nasavuki kuomba radhi. Miaka mitatu nyuma lilipelekwa jino kama hilo kwa familia nyingine kwa jambo kama hili, familia ikalipokea, kwa kuwa kulikataa ni aibu, na faili likafungwa. Jino la nyangumi limeinawisha hospitali hii mikono kuliko sabuni.

1 Machi

Mgeni rasmi amekuja. Ametoka jasho, amevishwa mashada manne, amekunywa yaqona bakuli mbili kwa kukunja uso, amekata utepe wenye fundo lililofichwa. Makofi. Nilisimama pembeni ya mashine katika gauni langu la zambarau nikaonyesha jinsi inavyowaka. Akaniuliza itaokoa watoto wangapi. Nikamwambia tayari ni mmoja. Mganga Mkuu akakohoa, kwaya ikaanza.

Ranjini alikataa kuvaa sare ya zambarau. Alikuja na sare ya kazi. Baada ya keki nilivua ufunguo nikamvisha yeye shingoni, nikamwambia nimefuta ile ripoti yangu, na kuanzia Jumatatu namfundisha mashine.

"Ripoti gani?" akauliza. Matroni hakuwahi hata kumwambia.

9 Machi

Tumekwenda Nasavuki. Matroni, karani, dereva, na mimi. Mganga Mkuu ana shughuli. Tulivaa zile sare za zambarau, kwa sababu ujumbe lazima uvae nguo moja, na hatuna nyingine inayofanana.

Tukaketi kwenye mikeka nyumbani kwa baba mkwe wa Laisani, mzee Inoke. Karani ndiye aliyekuwa msemaji wetu, anaijua lugha ya mbele za watu. Alilishika tabua kwa mikono miwili, jino la rangi ya chai lenye kamba ya kumbi, na akasema maneno matamu. Alisema mvua ilifunga njia. Alisema mto ulipanda. Alisema mila nayo ilichangia, na hapo Bibi Vasiti aliinamisha kichwa mpaka nikaona utosi wake. Alisema maji yakimwagika hayazoleki. Hakuutaja utepe. Matroni alitazama mkeka. Mimi nilikuwa na mdomo, na sikuufungua.

Mzee Inoke alilipokea jino, akalinusa kidogo kama desturi, akapiga makofi ya viganja, akasema yamekwisha. Dereva akapumua kwa sauti. Bakuli zikaanza kuzunguka, na baada ya bakuli ya tatu karani alikuwa anasimulia mambo ya raga na watu wanacheka. Nikahisi kinyaa mpaka kwenye meno. Nikachukua mkoba wangu nikatoka kwa mlango wa nyuma.

Laisani alikuwa jikoni, anachuja tui kwa ajili ya chakula chetu. Chakula chetu sisi. Jioji alikuwa kwenye mkeka karibu naye, uso umeelekea dirishani kwa sauti ya majani. Hakuna aliyemwita Laisani mle ndani, wala kumwuliza kama yamekwisha.

Akanisogezea kigoda. "Wazee wamepokea?" akauliza.

"Wamepokea."

"Basi wamepokea. Mimi siwezi kuyavunja yao." Alikamua machicha kwa nguvu. "Lakini wewe uliniambia hatujachelewa. Daktari wa Suva aliongea nami kwa simu, akasema katikati ya Desemba ilikuwa bado. Sisi tulikuwa pale wodini katikati ya Desemba, Sista. Kitanda cha tatu. Nataka tu kujua kulikuwa na nini siku ile. Mvua?"

Nikamwambia hapana. Mashine ilikuwa vyumba viwili kutoka kitandani kwake, ufunguo ulikuwa shingoni kwangu, na nilijua kuitumia. Ilizuiwa na utepe, na mimi niliuheshimu utepe. Na Bibi Vasiti hana kosa, mtoto alipaswa kupimwa kabla hajatoka mikononi mwangu. Nilisema yote hayo kwa pumzi moja, na kwa lugha ya jikoni.

Hakulia. Akauliza kama nakumbuka hata siku yenyewe. Nikamwambia naandika kila siku. Akafuta mikono kwenye sulu aliyojifunga kiunoni, akasema, "Nisomee."

Shajara ilikuwa kwenye mkoba. Nikaifungua. Ningeweza kusoma ukurasa mwingine, asingejua. Nikasoma: "Tarehe kumi na tatu Desemba. Mvua. Nimepeleka kitambaa kwa fundi. Hakuna jipya."

Kule ndani walicheka tena kwa pamoja.

"Kitambaa gani?" Laisani akauliza.

Nikatazama magoti yangu. "Hiki," nikasema.

Alikitazama kwa muda, zambarau na maua meupe. Kisha akamnyanyua Jioji kutoka kwenye mkeka, akaja akapiga magoti mbele yangu, akauchukua mkono wa mtoto na kuuweka kwenye pindo la gauni. Vidole vikakifumbata kitambaa kwa nguvu kama wanavyofumbata watoto wote.

"Ndicho hicho, baba," akamwambia. "Kishike."

Tulikaa hivyo mpaka waliponiita kula. Ilinibidi nimfungue vidole kimoja kimoja.